Rik Smits, Mholanzi wa Indiana: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa vijana ninaowafundisha kikapu jioni, kwa wazazi wao, na kwa wapenzi wa NBA (ligi kuu ya kikapu ya Marekani) ya miaka ya 90 ambao bado wanabishana kuhusu masenta (wachezaji warefu wa chini ya ringi) wa enzi zile. Yameanzia kwenye mambo ya msingi na kuishia kwenye yale ya pembeni. Anayetaka habari za mtupo wa Orlando tu, aende moja kwa moja swali la 10.

## Mambo ya msingi

1. Rik Smits ni nani?

Ni Mholanzi, mzaliwa wa Eindhoven, tarehe 23 Agosti 1966. Alicheza NBA misimu 12, kuanzia 1988 hadi 2000, na yote aliichezea Indiana Pacers. Nafasi yake ilikuwa senta. Katika mechi 867 za msimu wa kawaida alikuwa na wastani wa pointi 14.8 na ribaundi 6.1, yaani mipira iliyokosa kikapu akaidaka.

Ukisoma namba hizo juu juu utasema ni mchezaji wa kawaida. Mimi nasema ni mmoja wa masenta waliokuwa na mkono laini kuliko wote wa kizazi chake, na sehemu kubwa ya ukurasa huu inaeleza kwa nini nasema hivyo.

2. Alikuwa mrefu kiasi gani hasa?

Mita 2.24. Ringi ya kikapu iko mita 3.05 kutoka sakafuni, kwa hiyo akisimama wima chini yake, kutoka utosini hadi kwenye chuma zilibaki sentimita 81 tu.

Namba peke yake haimwingii mtoto akilini. Uwanjani kwetu huwa nachukua futi kamba na chaki, napima ukutani, nachora mstari kwenye mita 2.24. Watoto wa miaka 12 wanasimama chini ya ule mstari, wanainua mkono, na wengi hawafiki. Hapo ndipo kelele zinapoanza. Kisha nawaambia: mtu wa urefu huu alikuwa anarusha kutoka mbali kama gadi, mchezaji mfupi wa nje.

3. Mbona kuna watu wanamwita "Mdachi"?

Ni mkanganyiko wa lugha. Wamarekani walimpa jina la utani "The Dunking Dutchman", yaani Mholanzi mpiga danki (kuusukumia mpira ndani ya ringi kwa mkono), na mtu akisikia "Dutch" haraka haraka anatafsiri Mdachi. Lakini kwa Kiswahili Mdachi ni Mjerumani, ndivyo walivyowaita wazee wetu tangu enzi za ukoloni wao Tanganyika. Mtu wa Uholanzi ni Mholanzi.

Kinachozidisha utata ni kwamba Pacers walikuwa na Mjerumani kweli. Detlef Schrempf alifika Indiana mwaka 1989, akacheza pamoja na Smits hadi 1993. Mdachi wa timu ile ni huyo.

Na lile jina la utani lenyewe halikumkaa vizuri. Danki alipiga, ndiyo, kwa urefu ule angekosaje? Lakini danki siyo iliyomlisha. Tazama swali la 9.

4. Alianza kucheza akiwa na umri gani?

Miaka 14, hukohuko Eindhoven. Ule ni mji wa Philips na wa PSV, mji wa kandanda. Kwa mchezaji wa NBA miaka 14 ni kuchelewa: Wamarekani wa rika lake walikuwa tayari wameshika mpira miaka minane au tisa. Miaka minane baada ya kuanza, alikuwa NBA.

## Chuo cha Marist

5. Alifikaje Marekani, na kwa nini chuo kidogo hivyo?

Mwaka 1984 alikwenda kusoma Marist, chuo kilichoko Poughkeepsie, kando ya Mto Hudson katika jimbo la New York. Siyo chuo chenye jina kubwa kwenye kikapu. Wakati ule kilikuwa na miaka michache tu katika daraja la juu la michezo ya vyuo, kikaamua kutafuta vijana warefu kutoka nje ambao vyuo vikubwa havikuwa vinawaangalia. Ulaya ilikuwa imejaa vijana wa namna hiyo.

Kwa Smits ilikuwa bahati njema. Kwenye chuo kikubwa, kijana aliyeanza kikapu juzi angekaa benchi miaka miwili. Marist alipata dakika tangu mwanzo. Timu ilifika mashindano makubwa ya vyuo, ya NCAA, mwaka 1986 na 1987, na mara zote mbili ikatolewa kwenye mechi ya kwanza. Kwa chuo cha ukubwa ule, kufika tu kulikuwa sherehe.

6. Ni kweli alicheza na baba yake Rudy Gobert?

Kweli kabisa. Rudy Bourgarel, mtu wa Guadeloupe, alikuwa Marist wakati mmoja na Smits. Mwanawe ni Rudy Gobert, senta Mfaransa ambaye ameshinda tuzo ya beki bora wa NBA zaidi ya mara moja. Hebu fikiria kile chuo kidogo kikiwa na hao wawili kwenye mazoezi ya asubuhi.

## Miaka ya Indiana

7. "Namba mbili kwenye drafti" maana yake nini?

Siyo drafti ile ya vizibo vya soda. Drafti ya NBA ni utaratibu wa kila mwaka ambapo timu hupokezana zamu ya kuchagua wachezaji wapya, na timu zilizofanya vibaya ndizo zinazopata zamu za mwanzo. Mwaka 1988 Los Angeles Clippers walimchukua Danny Manning wa kwanza. Indiana, wakiwa wa pili, wakamchukua Smits. Mitch Richmond, ambaye baadaye aliwika sana, alichukuliwa wa tano.

Wakati huo kumpa nafasi ya juu kiasi hicho kijana aliyelelewa Ulaya lilikuwa jambo geni. Kina Vlade Divac na Dražen Petrović walivuka bahari mwaka uliofuata, 1989.

8. Msimu wake wa kwanza ulikuwaje?

Ulikuwa mgumu kwa timu na mzuri kwake.

Mpango ulikuwa Smits ajifunze taratibu nyuma ya Steve Stipanovich, senta mzoefu ambaye naye aliwahi kuchaguliwa wa pili, mwaka 1983. Goti la Stipanovich likamtoa msimu mzima, na hakurudi tena kucheza. Basi kijana wa miaka 22 akakabidhiwa eneo lote la chini ya ringi.

Pacers wakapoteza mechi saba mfululizo za mwanzo, na kocha Jack Ramsay, mtu mwenye heshima kubwa aliyewahi kuipa Portland ubingwa mwaka 1977, akajiuzulu. Mpaka msimu unaisha, watu wanne walikuwa wamekalia kiti cha kocha. Rekodi ikawa ushindi 28 na vipigo 54. Katikati ya vurugu hizo Smits alicheza mechi zote 82, akawa na wastani wa pointi 11.7 na ribaundi 6.1, na akaingia kikosi cha kwanza cha wachezaji wapya bora.

Tatizo lake lilikuwa faulo. Alikuwa anaruka kila mtu anapotikisa mpira, mikono inashuka, filimbi inalia. Ugonjwa huo uliwahi kuwapata karibu masenta wote wachanga, na dawa yake ni muda tu. Indiana walimpa muda. Kwa maoni yangu hapo ndipo palipo siri ya maisha yake yote ya uwanjani, na ndiyo maana narudi kwenye jambo hili katika swali la 19.

9. Alikuwa hodari kwa lipi, na dhaifu kwa lipi?

Alikuwa hodari wa kufunga. Alikuwa na hukushoti ya karibu (mtupo wa mkono mmoja juu ya kichwa), alikuwa na mtupo wa kuruka kutoka mita nne au tano, na alijua kupokea mpira akiwa ameipa ringi mgongo, akageuka upande wowote. Asilimia 50.7 ya mitupo yake ya uwanjani iliingia. Mitupo ya adhabu aliingiza asilimia 77, na hiyo kwa mtu wa mita 2.24 ni kubwa mno. Waulize masenta wengi wa leo.

Msimu wake bora wa kufunga ulikuwa 1995–96, wastani wa pointi 18.5 kwa mechi.

Udhaifu ulikuwa ribaundi. Mtu wa urefu wake alitarajiwa kushika kumi kila usiku, yeye hakufika hata nane kwa wastani wa msimu wowote. Sehemu ya sababu ni miguu (swali la 15). Sehemu nyingine ni wenzake: Dale Davis na Antonio Davis, ambao hawakuwa ndugu, walikuwa watu wa shughuli, na kazi ya kugombea mipira ilikuwa yao. Kocha Larry Brown, aliyefika mwaka 1993, aliijenga timu hivyo kwa makusudi: kina Davis wapigane, Reggie Miller, mrushaji wao wa mbali, akimbie kupitia skrini (mwenzake anayesimama kumzuia mkabaji), Smits awe shabaha ya karibu. Kabla ya hapo Pacers hawakuwa wamewahi kushinda hatua hata moja ya mtoano ndani ya NBA. Mwaka 1994 wakafika fainali ya Kanda ya Mashariki.

10. Nini hasa kilitokea kwenye ule mtupo wa Orlando?

Tarehe 29 Mei 1995, ukumbi wa Market Square Arena, Indianapolis. Mechi ya nne ya fainali ya Mashariki. Orlando Magic ya Shaquille O'Neal na Penny Hardaway inaongoza mechi 2 kwa 1.

Zimebaki sekunde kumi na tatu na kitu, Indiana wako mbele 89 kwa 87. Brian Shaw wa Orlando anapiga pointi tatu: 90 kwa 89. Reggie Miller anajibu kwa pointi tatu: 92 kwa 90, zimebaki kama sekunde tano. Hardaway naye anapiga pointi tatu: 93 kwa 92 kwa Orlando. Saa inaonyesha sekunde 1.3.

Watu wengi ukumbini wanajua mpira utaenda kwa Miller. Wiki chache kabla alikuwa amefunga pointi 8 ndani ya sekunde 9 dhidi ya New York. Nani mwingine angepewa? Derrick McKey anashika mpira pembeni. Smits anajitokeza kuelekea mstari wa adhabu, mgongo ukiwa kwenye ringi, na McKey anampa yeye. Nyuma yake yuko Tree Rollins, mkongwe wa miaka 39, mmoja wa wazuiaji wakubwa wa mitupo katika historia ya ligi.

Hapa ndipo ninaposimamisha video kwa vijana wangu. Smits anapokea, anageuka, na badala ya kurusha kwa pupa anampiga feki, anajifanya anarusha. Sekunde moja imebaki na huyu mtu anapiga feki! Rollins anaruka. Smits anamsubiri apite, anainuka kwa mtupo wake uleule wa kila siku, mpira unatoka mkononi kabla ya king'ora, unaingia. 94 kwa 93.

Kijana aliyekuwa anaruka kila anapoonyeshwa mpira mwaka 1988, mwaka 1995 alikuwa anawarusha wengine. Kila nikiitazama nafurahi upya.

11. Kwa hiyo Indiana walifika fainali mwaka huo?

Hapana. Mtupo ule ulisawazisha mambo, 2 kwa 2, lakini Orlando wakashinda mechi ya saba nyumbani kwao.

12. Aliwezaje kusimama na kina Patrick Ewing?

Kwa kumtoa mtu nje. Ewing, senta wa New York Knicks, alipenda kukaba karibu na ringi. Smits alikuwa anapokea mbali kidogo, na Ewing akibaki ndani, anarushiwa usoni; akitoka, anapitwa. Mechi ya kwanza dhidi ya Knicks mwaka 1995, ileile ambayo Miller alifunga pointi 8 za ghafla, mfungaji bora wa Indiana alikuwa Smits kwa pointi 34. Jambo hilo husahaulika kabisa, na huniuma kidogo. Bila pointi zile 34, hakuna muujiza wa Miller wa kusimulia.

Hatua ile ilikwenda hadi mechi ya saba, ikaamuliwa kwa 97 kwa 95, Ewing akikosa kulaza mpira karibu kabisa na ringi sekunde za mwisho.

13. Alicheza mechi ya nyota wote?

Mara moja, 1998, New York. Kocha wa upande wa Mashariki alikuwa Larry Bird, kocha wake mwenyewe wa Indiana.

14. Walikosa ubingwa kwa lipi?

Kila mwaka walikutana na ukuta. Mwaka 1998, chini ya Bird, waliilazimisha Chicago Bulls ya Michael Jordan kucheza mechi ya saba, wakafungwa 88 kwa 83. Mwaka 1999 Knicks. Mwaka 2000 wakafika fainali ya NBA kwa mara ya kwanza, wakamkuta Shaquille O'Neal akiwa Los Angeles Lakers, kwenye kilele cha nguvu zake.

Shaq hakukabika mwaka ule, si kwa Smits wala kwa yeyote. Lakini mechi ya nne nawaomba watu waitazame. Smits, mwenye miaka 33 na miguu iliyochoka, alifunga pointi 24. Shaq alitolewa kwa faulo kwenye muda wa nyongeza, mlango ukafunguka, na kijana wa miaka 21 aitwaye Kobe Bryant akaufunga. Lakers 120, Indiana 118. Ubingwa uliamuliwa mechi ya sita.

## Miguu na kustaafu

15. Kwa nini alistaafu mapema?

Miguu. Alikuwa na madhara ya neva za miguu, maumivu ambayo hayakuwa ya mechi moja wala msimu mmoja. Misimu kadhaa alikosa mechi nyingi kwa sababu hiyo. Baada ya fainali ya 2000 akaacha.

Wazazi huniuliza kama kikapu ndicho kinachoharibu miguu ya watoto warefu. Mimi si daktari. Ninachofanya ni kimoja: mtoto anayerefuka haraka, namkagua kiatu kila baada ya miezi michache. Nabonyeza mbele kwa kidole gumba. Kidole chake kikiwa kimegota, haingii uwanjani mpaka apate kiatu kingine, hata cha mtumba.

16. Kwa nini hakuhama Indiana?

Mwanzoni timu ilikuwa mbovu na haikuwa na senta mwingine. Baadaye ikawa nzuri na hakuwa na sababu. Yeye na Reggie Miller, aliyefika mwaka mmoja kabla yake, walicheza pamoja miaka yote 12.

17. Anafanya nini sasa?

Anajulikana kwa pikipiki. Ni mpenzi na mkusanyaji wa pikipiki za motokrosi za zamani, na baada ya kustaafu aliingia kwenye mashindano yake. Mapenzi hayo ni ya tangu utotoni Uholanzi, lakini mikataba ya NBA humkataza mchezaji kuendesha pikipiki, kwa hiyo alisubiri. Mwanawe, Derrik Smits, naye alicheza kikapu cha chuo kama senta, Valparaiso kisha Butler.

## Maswali ya pembeni

18. Ndiye Mholanzi wa kwanza NBA?

Hapana. Hank Beenders, mzaliwa wa Uholanzi aliyekulia Marekani, alicheza msimu wa kwanza kabisa wa ligi hiyo, 1946. Swen Nater, mzaliwa wa Den Helder, aliongoza NBA kwa ribaundi mwaka 1980. Lakini wote wawili walihamia Marekani wakiwa wadogo. Smits alijifunzia mpira Uholanzi.

Baada yake wamepita kina Dan Gadzuric na Francisco Elson. Elson, mtoto wa Rotterdam, ana kitu ambacho Smits hana: pete ya ubingwa, akiwa na San Antonio Spurs mwaka 2007. Wa karibuni ni Quinten Post wa Amsterdam, aliyechaguliwa wa 52 mwaka 2024 na kuichezea Golden State Warriors.

19. Kwa nini Hasheem Thabeet wetu hakufika pale?

Swali hili huulizwa Dar es Salaam kuliko mengine yote, na linganisho ni la haki. Thabeet ni mita 2.21, alichelewa kuanza kikapu, alikwenda chuo Marekani, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili, nafasi ileile ya Smits. Ndiye Mtanzania wa kwanza NBA.

Kipaji kilitofautiana, ndiyo. Smits alikuja na mtupo, Thabeet alikuja na ukabaji. Lakini rudi swali la 8. Smits alikuta senta wa timu ameumia, akapewa dakika za kukosea. Thabeet alikuta Marc Gasol yuko pale katikati, mzima na hodari. Akapelekwa ligi ya chini ndani ya msimu wake wa kwanza, na kabla ya mwisho wa msimu wa pili alikuwa ameshahamishiwa Houston. Senta mrefu huchelewa kuiva. Sijui angefika wapi kama angeachiwa misimu mitatu ya kukosea hadharani, ila najua kwamba Smits aliachiwa.

20. Jezi yake ilikuwa namba 24 au 45?

Zote. Alipofika Indiana, 45 ilikuwa ya Chuck Person, akavaa 24. Person alipoondoka mwaka 1992, Smits akaichukua 45. Pacers hawajaistaafisha, yaani kuiondoa asiivae mwingine kwa heshima yake, na kwangu hilo ni deni.

21. Yuko kwenye Ukumbi wa Heshima wa Naismith, ule wa magwiji wa kikapu?

Hayumo.

22. Uholanzi ni nchi ya kikapu?

Ni nchi ya kandanda, lakini usiwadharau. Tangu 2021 klabu zao hucheza ligi moja na za Ubelgiji. Na kwenye kikapu cha watatu kwa watatu walitwaa dhahabu ya Olimpiki Paris mwaka 2024, wakiwafunga wenyeji Ufaransa 18 kwa 17 kwa mtupo wa Worthy de Jong kwenye muda wa nyongeza.

23. Nina muda wa mechi moja tu. Nitazame ipi?

Mechi ya nne dhidi ya Orlando, 1995. Ukifika sekunde 1.3, macho yote yatavutwa na mpira. Rudisha nyuma, utazame tena ukiangalia miguu yake tu: anavyoipanda kabla ya kupokea, na inavyobaki chini Rollins anapopaa.